Kushoto kwa Nani? Kuielekeza Roboti kwa Maneno ya Mahali

Swali la msomaji: "Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Nimeunda roboti ndogo ya magurudumu yenye kamera na kipimaumbali cha leza. Nikiipa namba za x na y kwenye ramani, inafika bila shida. Nimeiunganisha na programu ya kutambua sauti pamoja na modeli kubwa ya lugha (programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi ili kuelewa na kuandika lugha) ili mtu yeyote aweze kuiamuru kwa Kiswahili cha kawaida. Tatizo ni kwamba nikisema 'simama kushoto mwa meza', mara inakwenda upande huu, mara upande ule, na nilipoiambia 'nenda nyuma ya meza' iliingia chini ya meza ikatulia humo. Je, niiongezee msamiati, nitafute modeli kubwa zaidi, au amri zitafsiriwe kwanza kwa Kiingereza?"

Katika njia hizo tatu sioni hata moja itakayokutoa ulipokwama. Roboti yako haina upungufu wa maneno; modeli uliyoiweka bila shaka inaweza kukueleza maana ya "kushoto" kwa aya nzima. Inachokosa ni mambo mawili ambayo binadamu huyajua bila kuambiwa: meza ni kitu gani ndani ya ramani yake, na kushoto kunakotajwa ni kwa nani. Nitaanza na meza, kwa kuwa hilo ndilo jepesi.

Ramani inayochorwa na roboti nyingi za aina yako ni gridi ya viraba vidogo, kila kimoja kikiwa na kadirio la uwezekano kwamba kuna kitu mahali hapo. Mbinu hiyo ilitolewa na Hans Moravec na Alberto Elfes mwaka 1985, na mpaka leo haijazeeka kwa kazi ya kuepuka kugonga vitu. Lakini tazama kinachotokea ikiwa leza yako imefungwa kwenye kimo cha sentimita 20 kutoka sakafuni, kama ilivyo kwa roboti nyingi ndogo. Mwale wake unazunguka sambamba na sakafu, unapita chini ya ubao wa meza, na kugonga miguu tu. Katika ramani hakuna meza. Kuna nukta nne zilizoachana, na katikati yake kuna sakafu tupu inayokaribisha wageni. Ukisema "nyuma ya meza", programu inaipata nukta iliyo karibu, inahesabu nusu mita nyuma yake, inaona pako wazi, na inakwenda. Haikukuasi. Ilikwenda nyuma ya mguu wa meza.

Dawa yake ni tabaka la pili juu ya gridi. Kamera itambue meza, umbo lake lishushwe kwenye ramani kama pande nne zenye jina, kitovu, urefu na upana, kisha eneo lote lililo chini ya ubao lihesabiwe kuwa ni sehemu ya meza hata kama leza inasema ni wazi. Waanzilishi wa fani hii walikwepa kazi hiyo kwa namna mbalimbali. Terry Winograd, aliyeunda programu ya SHRDLU katika chuo cha MIT, Marekani, karibu na mwaka 1970, aliweza kuzungumza nayo kuhusu vipande vya rangi vilivyopangwa juu ya meza kwa ufasaha wa kushangaza, lakini vipande hivyo vilikuwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kila kimoja na mahali pake kamili. Shakey, roboti ya taasisi ya utafiti ya SRI iliyofanyiwa kazi kati ya 1966 na 1972, ilikuwa na mwili na kamera, ila vyumba vyake viliandaliwa kwa maboksi makubwa ya rangi moja ili isihangaike. Wewe huna anasa ya kumbukumbu kamili wala ya chumba kilichoandaliwa, kwa hiyo tabaka hilo hulikwepi.

Sasa tuje kwenye kushoto, ambako ndiko penye mgogoro wenyewe.

Chukua chumba ambacho kitovu cha meza kiko kwenye x = 3, y = 4 kwa vipimo vya mita. Wewe umesimama kwenye (3, 0) ukitazama kaskazini, yaani kuelekea y inakoongezeka. Roboti iko ng'ambo, kwenye (3, 8), imekuelekea, hivyo inatazama kusini. Unasema: "Simama kushoto mwa meza." Kwa macho yako, kushoto ni magharibi, tuseme (1.8, 4). Kwa macho ya roboti, kushoto ni mashariki, yaani (4.2, 4). Baina ya tafsiri hizo mbili kuna mita 2.4 na meza nzima. Kila moja ni sahihi kisarufi, na hakuna kamusi wala modeli itakayosema ipi uliyoikusudia, kwa sababu jibu halimo ndani ya sentensi. Limo katika mahali uliposimama na upande ulioelekea. Na kama roboti yako haijui uliposimama, basi haina hata namna ya kubahatisha kwa busara. Inachofanya ni kuchukua upande wake leo, na kesho, modeli ikiandika kisio tofauti, inachukua upande wako.

Wanaisimu wameshughulika sana na jambo hili. Stephen Levinson ndiye aliyeeneza mgawanyo wa mifumo mitatu ambayo binadamu huitumia kutaja mahali. Wa kwanza ni wa kitu chenyewe: kiti kina mgongo, kwa hiyo kina mbele na nyuma yake popote unapokitazama. Wa pili ni wa mtazamaji: mbele, nyuma, kulia na kushoto hutokana na macho ya anayesema au anayesikia. Wa tatu ni wa dira: kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, ambazo hazibadiliki ukigeuka. Wazungumzaji wa Guugu Yimithirr, lugha ya kaskazini mwa Queensland huko Australia, hutumia mfumo wa dira hata kwa kitu kilicho mkononi mwao. Watasema kikombe kiko mashariki ya sahani. Roboti ingeishi nao kwa raha tele, kwa kuwa ramani yake nayo ni ya dira.

Sisi tunatumia mfumo wa pili zaidi, na ndio wenye mitego mingi. Hata ukishakubaliana na roboti kwamba macho ni ya msemaji, bado "mbele" na "nyuma" za kitu kisicho na uso zinaweza kukuchanganya. Msemaji wa Kiingereza anayeutazama mti huuhesabu kana kwamba umemgeukia, kwa hiyo mbele ya mti ni upande ulio kati yake na mti. Mwanaisimu Clifford Hill alionyesha katika makala ya mwaka 1982 kwamba wasemaji wa Kihausa mara nyingi huuhesabu mti kama mtu aliyetangulia kwenye foleni, anayetazama kule wanakotazama wao; mbele ya mti ni ng'ambo yake. Usichague kwa kufikiri tu ukiwa umekaa mbele ya kompyuta. Weka boksi lisilo na alama, mpira mmoja kati yako na boksi, mwingine ng'ambo yake, kisha waulize watakaoitumia roboti, mmoja mmoja, wakuletee mpira ulio mbele ya boksi. Wakiafikiana wote, utalifunga jibu hilo ndani ya programu. Wakigawanyika, utakuwa umejifunza kwamba neno hilo peke yake halitoshi na kwamba roboti italazimika kuuliza.

Kabla sijaondoka hapa, kagua jambo moja la kifundi ambalo huwapotezea watu siku nzima. Kama unatumia ROS, yaani programu huria ya kuundia na kuendeshea roboti, kanuni yake ni kwamba mhimili wa x wa roboti unaelekea mbele na wa y unaelekea kushoto. Kushoto ni chanya. Katika fremu (mfumo wa mihimili) ya macho ya kamera, x inaelekea kulia. Msimbo unaochukua mahali pa kitu kutoka kwenye picha na kukipeleka kwenye fremu ya mwili bila ugeuzi uliokamilika utaifanya roboti iende kulia kila inapoambiwa kushoto, nawe utailaumu modeli ya lugha kwa kosa la alama ya kutoa. Dalili yake ni kwamba kosa hili halibadilikibadiliki: hukosea kila mara, upande uleule. Kwa kuwa yako inayumba, nadhani una tatizo la mtazamo, ila angalia yote mawili.

Kuhusu kutafsiri kwanza kwa Kiingereza, ningekushauri usifanye hivyo, na sababu yangu haitokani na mapenzi ya lugha. Kiswahili kinabeba habari za mahali katika sehemu ambazo tafsiri huzipukutisha. Chukua umbo moja, "mlangoni". Tukisema "nenda mlangoni", mlango ni mwisho wa safari. "Toka mlangoni", ni mwanzo wake. "Pita mlangoni", ni njia. "Simama mlangoni", ni kituo. Kiambishi -ni hakikubadilika hata kidogo. Kitenzi ndicho kilichobeba mzigo wote, kwa hiyo mfumo wako usijenge maana ya mahali kutokana na nomino pekee. Mfasiri mzuri atalifikisha hilo salama. Lakini hebu mwambie afikishe tofauti ya "kabatini pana kikombe" na "kabatini mna kikombe". Mna inasema ndani, na roboti inayosikia mna inapaswa kujua kwamba kamera haitakiona kikombe mpaka mlango wa kabati ufunguliwe. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu wengi husema kuna kwa yote, kwa hiyo uitumie ishara hii kwa upande mmoja tu: akisema mna, amini kwamba ni ndani, akisema kuna, usihitimishe lolote.

Vivyo hivyo kwa hapa, hapo na pale. Kiingereza kina maneno mawili ya kazi hiyo, sisi tuna matatu, na lile la kati ndilo lenye faida kubwa kwa roboti. "Njoo hapa" ni kwa msemaji. "Nenda pale" ni mbali na wote wawili, na kwa kawaida huandamana na kidole au kichwa kinachoelekea huko, hivyo kamera inatakiwa kushiriki. "Baki hapo" ni pale ilipo roboti yenyewe, au mahali palipokwisha kutajwa katika mazungumzo. Hakuna haja ya kukisia mengi: hapo ina chaguo mbili tu, na zote roboti inazo katika kumbukumbu yake. Ukizitafsiri hapo na pale, zote mbili zinatoka zikiwa neno moja, na unabaki unatafuta kwa taa kitu ulichokitupa mwenyewe.

Yapo pia maneno yenye sura mbili ambayo ni lazima uyapange mapema. "Rudi nyuma" ni kwenda kinyumenyume, ilhali "rudi" peke yake ni kurejea ulikotoka, na pengine kwa kugeuka kwanza. "Karibu" ni umbali, lakini pia ni makaribisho, na programu ya kutambua sauti haiwezi kuzitenganisha; roboti isiondoke mahali pake kwa kusikia "karibu" isiyofuatwa na "na". Vilevile sikiliza vimilikishi kwa makini. Tofauti kati ya "kushoto kwako" na "kushoto kwangu" ni silabi moja tu, na silabi kama hizo ndizo zinazomaliza ubishi wote niliouchora hapo juu kwa namba. Ikiwa programu yako ya sauti huzimeza silabi hizo, hapo ndipo penye thamani ya kuongeza juhudi.

Tukishajua meza ni ipi na macho ni ya nani, bado inabaki kuamua nukta. Usiweke mipaka mikali, kwa mfano kwamba kila kilicho ndani ya nyuzi 45 ni kushoto na kilichozidi si kushoto. Wanasaikolojia Gordon Logan na Daniel Sadler walionyesha mwaka 1996 kwamba watu hulihukumu eneo kwa viwango: pako sehemu nzuri, sehemu inayokubalika na sehemu mbaya, na moja huyeyukia ndani ya nyingine. Njia nyepesi ya kuanzia ni kupima pembe kati ya mwelekeo kamili wa kushoto na mstari unaotoka kitovu cha meza hadi nukta unayoifikiria, kisha kushusha alama taratibu kutoka 1 kwenye nyuzi 0 hadi 0 kwenye nyuzi 90. Katika mfano wetu, kwa macho yako, nukta (2, 4.5) iko nyuzi 26.6 kutoka kwenye mwelekeo huo na inapata 0.70; nukta (2.5, 5) iko nyuzi 63.4 na inapata 0.30. Zidisha alama hiyo kwa alama ya umbali na kwa alama ya uwazi wa sakafu, kisha chagua nukta yenye zao kubwa zaidi. Roboti itasimama mahali ambapo mtu angeiambia "sawa", hata kama nukta ya kwanza kabisa imezibwa na kiti.

Kitovu kinadanganya kwa vitu virefu. Kwa rafu ya mita 4, nukta iliyo mbele ya ncha yake ya kushoto itahesabiwa kuwa iko kushoto sana, ilhali kila anayeiona atasema iko mbele ya rafu. Marjorie Skubic na wenzake, katika kazi yao ya mwaka 2004 kuhusu mazungumzo ya mahali kati ya binadamu na roboti, waliliepuka tatizo hili kwa kutumia mbinu inayozingatia umbo lote la kitu badala ya nukta yake ya katikati. Kwako wewe, kupima pembe kutoka kwenye sehemu ya kitu iliyo karibu zaidi na nukta kunatosha kuanzia.

Na umbali wa "karibu" nao usiuandike kama namba moja. Karibu na kikombe ni upana wa kiganja, karibu na jengo ni hatua kadhaa. Uufunge kwa ukubwa wa kitu kinachotajwa na upana wa roboti yenyewe.

Je, modeli kubwa ya lugha ina kazi gani basi? Ina kazi nzuri, mradi usiipe ya hesabu. Thomas Kollar, Stefanie Tellex na wenzao walionyesha mwaka 2010 kwamba maelekezo ya njia yanaweza kupasuliwa kuwa vipande vyenye sehemu chache zinazojirudia: anayesogea, kitendo, kitu kinachorejelewa na uhusiano baina yao. Upasuaji huo modeli za leo huufanya vizuri. Iambie irudishe kitu kama hiki: kitendo = kusimama; uhusiano = kushoto; kitu = meza; mtazamo = haukutajwa. Sehemu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Iruhusu, na kwa kweli ilazimishe, kusema kwamba mtazamo haukutajwa, badala ya kuujaza kimyakimya kwa kisio lake. Kisha jiometri ifanywe na msimbo wako, unaojua roboti ilipo. Watafiti wa Google walifuata mantiki ya jamaa na hiyo mwaka 2022 katika mfumo wa SayCan: modeli ya lugha inapendekeza hatua inayofaa, na roboti inapima kama hatua hiyo inawezekana pale ilipo. Na kuhusu kutumainia ukubwa wa modeli peke yake, kumbuka jaribio la Room-to-Room la mwaka 2018, lenye maelekezo 21,567 ya njia ndani ya majengo 90. Binadamu walifika kwa kiwango cha karibu asilimia 86; mfumo wa kwanza uliojaribiwa katika majengo usiyowahi kuyaona ulifika kwa takriban asilimia 20. Mifumo imepanda sana tangu hapo, lakini pengo lile linakuonyesha kuwa kuielewa sentensi na kuitembea ni kazi mbili.

Mtazamo usipotajwa, roboti ihesabu tafsiri zote mbili kabla ya kufungua mdomo. Zikiangukia mahali pamoja, kama itakavyokuwa ukiwa umesimama nyuma ya roboti mkitazama upande mmoja, isiulize. Hakuna kinachochosha kama mashine inayouliza jambo lisilo na tofauti. Zikiachana kama katika mfano wetu, iulize swali moja. Na swali hilo lisiwe "kushoto kwako au kushoto kwangu?", kwa sababu litamlazimisha msemaji ajigeuze kichwani, kazi ambayo watu huikosea hata wao kwa wao. Iangalie kwenye tabaka lake la vitu ni kipi kilicho kila upande, kisha iulize: "Upande wa dirisha au upande wa kabati?" Swali hilo halina kulia wala kushoto ndani yake, na jibu lake ni neno moja. Ikifika, iseme hivyohivyo: "Nimesimama kati ya meza na dirisha." Akisikia hivyo, msemaji aliye chumba cha pili atajua kama imepatia bila kuinuka.

Kuna amri moja isiyopaswa kupitia njia yote hii. "Simama!" isikilizwe na programu ndogo iliyo ndani ya roboti yenyewe, isiyotegemea intaneti wala modeli, na ikate mwendo papo hapo. Kwa Kiswahili hapo pana utata wake: "simama" ya dharura na "simama karibu na mlango" huanza kwa neno lilelile, na roboti haiwezi kungoja sentensi iishe ndipo ijue ilikuwa ipi. Suluhisho langu ni kuiacha isimame kwa zote mbili, kisha iendelee ikisikia kwamba kulikuwa na mahali palipotajwa. Utapoteza muda mfupi kila mara inapopewa amri hiyo ikiwa njiani, na kigugumizi hicho kitaonekana, lakini kukiondoa ni kubahatisha na miguu ya watu.

Utakapokuwa tayari kupima, usijitumie mwenyewe kama mtumiaji. Umekwisha kuizoea kiasi kwamba unaongea lugha yake. Tafuta watu kama ishirini, mpe kila mmoja vipande vya utepe wa gundi, na umwombe abandike sakafuni pale ambapo yeye angesimama akiambiwa "kushoto mwa meza", "nyuma ya kiti", "karibu na mlango". Pima sehemu hizo zote na uziweke kwenye ramani kabla hujaiwasha roboti. Mtawanyiko utakaouona ndio utakaokupa alama za maeneo badala ya zile nilizokuandikia mimi, na pale gundi zitakapojikusanya makundi mawili yaliyoachana, utakuwa umepata orodha ya maneno ambayo roboti inapaswa kuyaulizia. Baadaye andika mambo mawili tu kwa kila amri: ilisimama mita ngapi kutoka kwenye kundi la gundi, na iliuliza maswali mangapi kufika hapo.